Umefungiwa leseni kwa ulevi mara ya pili? Jinsi ya kuomba kuirudisha ukiwa Dar es Salaam

Madereva wengi waliofungiwa leseni hukimbilia TRA. Pale hawasaidiki. TRA ndiyo inayotoa leseni, lakini haina uwezo wa kutengua amri ya hakimu. Anzia masjala ya mahakama iliyokuhukumu, iwe Kisutu, Kinondoni au kwingineko, uombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Barua ya maombi iende kwa Hakimu Mfawidhi, ikitaja namba ya kesi, majina yako kama yalivyosomwa mahakamani na tarehe ya hukumu.

Nakala ukiipata, isome pole pole na mtu anayeelewa sheria. Tafuta neno moja: leseni imesimamishwa au imefutwa? Iliyosimamishwa inasubiri muda uishe. Iliyofutwa haipo tena, na siku ukiruhusiwa kuendesha utaomba upya kama mtu anayeanza. Angalia pia muda unahesabiwa kuanzia tarehe ipi. Kama hukufika mahakamani kabisa na ni trafiki aliyekufungia, huna hukumu ya kufuatilia. Nenda kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa wa kipolisi ulikokamatwa, uombe uamuzi huo kwa maandishi.

Kosa la pili lina uzito wake. Kabla ya kutoa adhabu, hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kumbukumbu za makosa yako ya nyuma, na kosa la kwanza likiwemo, usitegemee huruma uliyopewa awali. Kama kumbukumbu iliyosomwa si yako (majina hufanana sana mjini hapa), ikane palepale. Ukinyamaza, itakuwa kazi ngumu kuirekebisha baadaye.

Ukiona adhabu imezidi, kata rufaa Mahakama Kuu, na hapa siku zinahesabiwa kwa ukali. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku ulizosubiri kupewa nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi ndani ya hizo 45, kwa hiyo tunza barua yako ya maombi yenye mhuri wa kupokelewa. Ulikiri kosa? Basi rufaa yako inaweza kugusa ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kukata rufaa peke yake hakukurudishii usukani. Huna pesa ya wakili? Watoa msaada wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, waulizie hapohapo mahakamani.

Katika kipindi cha adhabu usiendeshe chochote: gari, bajaji, wala bodaboda ya shemeji hadi dukani. Kuendesha ukiwa umezuiwa ni kosa jipya, na litaharibu ombi lako lote. Panda daladala, panda mwendokasi. Kama kazi yako ni udereva, mwambie mwajiri mapema ili akupangie kazi nyingine. Akija kugundua mwenyewe, utakuwa umepoteza leseni na kazi.

Tumia muda huo pia kuonana na daktari. Nasema hili kwa moyo wote, kwa sababu mtu anayekamatwa mara mbili mara nyingi ana tatizo ambalo faini haitalitibu. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za Mwananyamala, Temeke na Amana ni pa kuanzia. Kama unakunywa kila siku na mikono hutetemeka asubuhi, usiache ghafla peke yako nyumbani, kwani unaweza kupata degedege. Omba daktari akuandikie ripoti ya mahudhurio.

Muda ukiisha, kagua kwanza madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa Polisi, uchukue namba ya malipo, ulipe na utunze stakabadhi. Kisha andika barua kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa wako wa kipolisi. Inaweza kuwa hivi:

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA LESENI BAADA YA KUMALIZA ADHABU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye leseni namba ……, daraja …… Katika kesi namba …… Mahakama ya …… iliamuru nisiendeshe hadi tarehe …… Muda huo umekwisha na faini nimelipa. Hili lilikuwa kosa langu la pili la ulevi. Tangu tarehe …… nahudhuria matibabu katika hospitali ya …… Naomba kurudishiwa leseni yangu. Nimeambatanisha nakala ya hukumu, stakabadhi, ripoti ya daktari na kitambulisho cha NIDA.

Usiifiche ile sentensi ya kosa la pili. Anayesoma ana kumbukumbu mbele yake. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri urudi nayo.

Leseni iliyofutwa ina njia ndefu zaidi: leseni ya kujifunzia, chuo cha udereva, jaribio mbele ya trafiki, ndipo TRA. Leseni mpya hudumu miaka 5. Vishoka watakuahidi njia ya mkato nje ya geti. Leseni ya namna hiyo ikikaguliwa, kesi itakuwa ya kughushi.

Ukirudi barabarani, jua hesabu hii. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi, na ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa nne zilizoisha saa sita usiku bado zinaweza kuwa mwilini saa mbili asubuhi au hata baadaye. Supu, kahawa na maji ya baridi haviharakishi chochote. Dereva wa basi anayetoka Stendi ya Magufuli alfajiri anaweza kupuliza kipimo akakutwa na kilevi cha jana, ingawa kalala na kuoga.