Ruta Moja Kuongoza Nyumba ya Kigoma Ukiwa Ughaibuni

Nyumba iko Gungu, mwenyewe yuko Oslo. Ruta yenye kitovu cha vifaa janja ndani yake (sehemu inayoongoza taa, soketi na sensa) inakupunguzia kisanduku kimoja, adapta moja na kitu kimoja cha kumweleza shangazi kwa simu. Ila kabla hujalipa, jiulize: intaneti ikikatika, nani atawasha taa ya nje? Kama amri inatoka kwenye seva ya ng'ambo, nyumba italala giza kila bando likiisha.

Ruta hizi hazifanani. eero Pro 6 ya Amazon ina redio za Zigbee na Thread (njia mbili tofauti za vifaa janja kuwasiliana bila waya), lakini vifaa vya Zigbee huviongoza kupitia Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, na Alexa inataka intaneti. Nest Wifi Pro ya Google ina Thread bila Zigbee, kwa hiyo sensa ya mlango ya Zigbee uliyoipata kwa bei chee haitaiona kabisa. Kwa nyumba ya mbali, ni bora kuongeza kompyuta ndogo yenye Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumba) na kijiti cha USB cha Zigbee, ratiba zikae humo humo ndani. Kijiti kiunge kwa waya wa USB wa mita moja hivi. Ukikichomeka moja kwa moja, mlango wa USB 3.0 unatoa kelele kwenye mawimbi ya 2.4 GHz na sensa zinaanza kupotea.

Anayetoka Marekani apunguze mzigo. Adapta iliyoandikwa 100–240V haina shida. Swichi na soketi za volti 120 ziache huko. Tanzania ni volti 230, na swichi ndefu ya Kimarekani haiingii kwenye kiboksi chetu cha mraba. Z-Wave, njia nyingine ya vifaa janja, ya Marekani inatumia masafa tofauti na ya Ulaya, hazisikilizani. Ruta ya laini (ya kadi ya simu) iliyotengenezwa kwa mitandao ya huko mara nyingi haina masafa ya 4G yanayotumika nyumbani (700, 800 na 1800 MHz, yaani bendi 28, 20 na 3). Ruta ya laini nunua Tanzania. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Isajiliwe na ndugu anayeishi Kigoma, kwa kuwa ikiharibika ni yeye atakayekwenda dukani kuirudisha.

eero na Nest hazina tundu la laini. Zinakaa nyuma ya ruta ya 4G: waya utoke tundu la LAN la ruta ya 4G uingie tundu la WAN la eero au Nest, kisha zima Wi-Fi ya ile ya 4G. Kigoma ni vilima, na bati huzuia mawimbi, kwa hiyo ruta ya laini iweke dirishani upande wa mnara, si katikati ya nyumba. Kitovu ndicho kikae katikati. Kama ruta inaruhusu kuchagua chaneli, Wi-Fi iweke 1 na Zigbee 20, zisigongane. Vifaa vingi vya bei nafuu vinajua 2.4 GHz tu na WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi). Ruta ikiruhusu, tenga jina la Wi-Fi la 2.4 GHz, la sivyo kuunganisha kutagoma na utalaumu kifaa bure.

Kuta za matofali ya kuchoma hula mawimbi. Soketi janja za Zigbee hupokezana ishara, sensa za betri hazifanyi hivyo; weka soketi moja kila chumba cha pili. Kisha onya watu: mtu akiichomoa ili achaji simu, sensa zote za nyuma yake zinaweza kuzimika.

Swichi za ukutani ndizo zinazokwamisha mafundi. Nyumba nyingi hazina nyutro kwenye kiboksi cha swichi, imeishia darini. Usilazimishe kwa kuchukua ethi badala yake. Hiyo ni hatari ya kifo. Mwambie fundi aweke rilei ndogo (swichi inayoamriwa kwa mawimbi) kule juu kwenye kiungio cha taa, na swichi ya zamani ibaki ikifanya kazi. Pampu ya maji nayo usiipitishe kwenye soketi janja: mota ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na viunganishi vya ndani hugandana. Tumia kontakta (swichi nzito ya mota), soketi iamuru kontakta.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ndogo ya mAh 8,800 isikudanganye. Namba hiyo ni ya betri za volti 3.7, yaani wati-saa 32 hivi. Ruta inayokula wati 10 itadumu saa mbili na nusu. Ruta mbili, nusu ya hapo. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 20 inazifikisha mbili hizo karibu saa 12. Kwa radi za masika, kizuia radi bila ethi ya kweli ni pambo tu.

Kamera ndiyo inayomaliza bando. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde, ikirushwa mfululizo, ni GB 10.8 kwa siku. Hifadhi kwenye kadi ndani ya kamera, ufungue tu unapohitaji. Laini za 4G kwa kawaida hazina anwani ya wazi ya intaneti inayofikika kutoka nje, kwa hiyo usihangaike kufungua milango (port) ya ruta, tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri.

Weka majira ya Dar es Salaam kwenye mfumo, lakini mahali paandike Kigoma. Jua huzama huko takriban dakika 40 baada ya Dar, na taa za "machweo" zikifuata Dar zitawaka kweupe.

Ruta usiichomeke kwenye soketi janja inayoongozwa kupitia ruta hiyo hiyo. Ukizima ukiwa mbali, huwezi kuwasha tena. Bandika karatasi ukutani kwa mwangalizi: chomoa, hesabu sekunde 30, rudisha, usiguse kitundu cha riseti kwa pini, kwa kuwa kinafuta kila kitu. Na vifaa vyote vikipotea kwa mpigo mmoja, usianze na mtandao. Mpigie mwangalizi aangalie LUKU kwanza. Mara nyingi ni uniti zimeisha, na tokeni ya tarakimu 20 unaweza kumtumia kwa ujumbe aiingize.