Mafuta ya taa si ya chupa ya maji
Jamani, mafuta ya taa msiyatie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka 2 anachoona ni chupa ileile anayonyweshwa kila siku, na kiu imemshika. Kwangu yanakaa kwenye kidumu chenye mfuniko wa kukaza, juu ya kabati, si uvunguni. Jiki ya kupimiwa dukani nayo ni hivyohivyo.

Akishayanywa, usimtapishe, na yale maziwa wanayoshauri majirani yaache. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uende nayo daktari aione.