Kumwagiza fundi akuundie gitaa: mbao, vipimo na malipo

Kabla ya kumuuliza fundi bei, muulize mbao zake zimelala ndani kwa muda gani. Gitaa likiundwa kwa ubao ambao bado una maji, kiangazi cha kwanza tu mgongo hupasuka au shingo hupinda, hata ling'ae namna gani, na kulinyoosha ni kazi inayokaribia kuunda jingine. Vipimo, umbo na malipo vina uzito wake, lakini vinafuata nyuma ya hilo.

Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu kuliko ya Nakuru iliyo juu ya mita 1,800. Ubao uliotulia Kisumu utaendelea kunywea ukifika Nakuru mwezi wa Januari. Basi mwambie fundi gitaa litaishi wapi. La Nakuru au Eldoret, mbao zishuke hadi unyevu wa asilimia 8 kabla ya kugusana na gundi. La kukaa Kisumu, Siaya au Busia, asilimia 10 inatosha.

Fundi akikwambia "hii imekauka, we shika tu", usishike. Mkono haujui tofauti ya asilimia 9 na 14. Kama karakana haina mita ya unyevu, mizani ya jikoni ya kidijitali inafanya kazi hiyo. Pimeni kila ubao, uzito na tarehe viandikwe kwa penseli juu yake, kisha mpime tena kila wiki. Ubao wa gramu 500 unaopungua gramu 4 au 5 kwa wiki bado unakauka. Ukicheza ndani ya gramu moja kwa wiki tatu mfululizo, umelingana na hewa ya mle ndani. Kwa gitaa la Nakuru hiyo bado haitoshi: mbao zikae wiki kadhaa zaidi ndani ya kabati lenye balbu ya wati 60 ya kizamani, ile inayotoa joto, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Balbu za LED hazisaidii kitu hapo.

Fundi yupi

Anayetengeneza viti na vitanda kwenye soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kuwa na mkono safi kuliko muunda magitaa, lakini kitanda hakivutwi na nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi sita za chuma, ile ambayo uzi mwembamba una unene wa 0.012 ya inchi, huvuta kwa jumla nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana. Za nailoni huvuta kilo 40 hivi. Uso, yaani ubao wa mbele wa gitaa, unaobeba mzigo huo una unene wa milimita 3 au chini yake. Kosa dogo la gundi ambalo kwenye meza lingejificha miaka kumi, hapa linajitokeza ndani ya miezi.

Kwa hiyo omba kuona gitaa alilounda miaka miwili iliyopita au zaidi. Jipya halikwambii lolote. Likifika mkononi, chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza chini ya daraja (kile kibao kilichobandikwa usoni kinachoshika nyuzi), upande wa nyuma. Kikiingia, daraja limeanza kung'oka. Kisha funga jicho moja uangalie shingo kutoka kichwani kama unayenyoosha mshale. Mwisho, elekeza gitaa kwenye mwanga wa dirisha utazame uso: kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida, lakini bonde kati ya daraja na tundu la sauti maana yake mbavu za ndani, vile vijiti vinavyoutegemeza uso, zimeshindwa au zimeachia.

Amua utapiga nini

Nyuzi za chuma au za nailoni? Jibu hilo litangulie msumeno, kwa sababu mbavu za ndani hupangwa kulingana nalo. Anayenunua gitaa la nailoni kisha akafunga nyuzi za chuma "ili lisikike kanisani" anaomba daraja lichomoke.

Wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, wanaotembeza besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada, wanahitaji nafasi kati ya nyuzi: nati (kijiti cha mwanzo wa shingo chenye mikato ya nyuzi) ya upana wa milimita 44.5 au 45. Anayepiga kodi tu (noti kadhaa kwa pamoja) akiongoza kwaya hana shida na 43. Nailoni za kitamaduni hufika 52. Mtu wa benga hukaa juu ya shingo, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 12 kwenda mbele, kwa hiyo achongewe bega la chini ili mkono ufike. Atapoteza besi kidogo na hatajali. Pikapu, kinasa sauti cha umeme (si ile ya kubeba viazi), ya chini ya sadeli, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya daraja, isemwe mapema pia, maana mfereji wa sadeli hukatwa kwa kipimo chake, na kizibo cha ndani kule mwisho wa gitaa hutobolewa tundu la waya.

Kama unatumia mkono wa kushoto, sema siku ya kwanza. Haitoshi kugeuza nyuzi. Mbavu hazilingani pande mbili, na sadeli imeinama kuelekea upande mmoja.

Mbao za huku

Mgongo na pembeni vinaweza kutoka hapa hapa. Saiprasi ya mashambani ni nyepesi na ina sauti kali yenye kukatika haraka; ndugu yake wa Ulaya ndiye anayetumiwa Hispania kwa magitaa ya flamenko. Tatizo la yetu ni mafundo, kwa kuwa miti huvunwa ikiwa michanga. Utapekua mbao thelathini upate mbili. Mgrevilea una madoa mazuri kama magamba ya samaki lakini vumbi lake huwasha, fundi avae barakoa. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, hufaa pia. Mkaratusi usikubali hata ukipewa bure: hujikunja na kupasuka hata baada ya kuonekana umekauka.

Shingo iwe mahogani iliyonyooka nyuzi zake. Ubao wa vidole, unaobandikwa juu ya shingo, unahitaji mti mgumu: mpingo, au tiki ya Elgon. Omba risiti ya yadi ya mbao, hasa kwa tiki, kwa kuwa mti huo unapatikana pia ndani ya msitu wa Kakamega na hutaki gitaa lenye kesi. Mpingo uko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Tangu mwisho wa 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti la vibali, lakini ubao mtupu haujaondolewa.

Kwa uso, lipia sprusi ya kuagizwa kutoka nje. Hapa ndipo pesa inasikika. Ni vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kufunguliwa kama kitabu, kila kimoja milimita 550 kwa 200 na unene wa 4 kabla ya kupigwa randa. Tazama ncha ya ubao: mistari ya miaka isimame wima. Ikilala, uso utajikunja hali ya hewa ikibadilika.

Nati na sadeli zisiwe za plastiki. Mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani unatosha: uchemshwe, usafishwe uboho, ulowekwe siku kadhaa kwenye maji ya sabuni kuondoa mafuta, kisha ukauke kivulini.

Karatasi ya makubaliano

Maneno kama "shingo nyembamba" na "nyuzi zikae chini" ndiyo huzaa ugomvi. Andikeni namba, nakala mbili, sahihi mbili. Kwa gitaa la kawaida la nyuzi za chuma:

Urefu wa uzi kutoka nati hadi sadeli: 648 mm
Unene wa shingo: 21 mm freti ya kwanza, 23 mm freti ya tisa
Uso: 2.7 hadi 3 mm, mgongo: 2.5 mm, pembeni: 2 mm
Kimo cha uzi juu ya freti ya 12: wa sita 2.4 mm, wa kwanza 1.8 mm
Trasi rodi (fimbo ya chuma ya kunyoosha shingo) ya kurekebishwa ndani ya shingo: lazima

Chini ya hapo ziandikwe aina ya mbao, aina ya mashine za kukazia nyuzi na nani anazinunua, tarehe, na marekebisho mawili ya bure ndani ya mwaka mmoja.

Malipo yagawanywe: asilimia 40 mwanzoni, ambayo ni ya vifaa, 30 sanduku (kiwiliwili cha gitaa) likifungwa, 30 siku ya kuchukua. Ukilipa yote mbele, kazi yako itakaa nyuma ya kila kitanda kinachohitajika kesho. Ukilipa asilimia 10, fundi atanunua mbao ya asilimia 10. Tuma kwa M-Pesa, na ujumbe wa uthibitisho uutunze pamoja na karatasi.

Muda? Miezi mitatu hadi mitano kwa fundi mmoja. Akiahidi wiki tatu, ujue kinachorukwa ni kukausha.

Fika mara tatu

Mara ya kwanza mbao zikichaguliwa. Mara ya pili, iliyo muhimu kuliko zote, sanduku likiwa wazi kabla mgongo haujabandikwa. Ingiza mkono. Kila ubavu wa ndani uwe umeshika uso urefu wake wote. Ukucha ukiingia kwenye ufa, ubavu huo uondolewe ubandikwe upya. Chini ya daraja pawe na bamba la mti mgumu. Uliza gundi pia: ile nyeupe ya bei rahisi hunyooka polepole ikivutwa kwa joto, na daraja husogea bila kutoa taarifa.

Mara ya tatu shingo ikiwa tayari, haijapakwa kitu. Shika ukae nayo dakika kumi. Kuipunguza sasa ni kazi ya nusu saa ya msasa. Beba rula ya chuma upime freti kutoka nati: ya kwanza 36.4 mm, ya tano 162.5, ya saba 215.5, ya kumi na mbili 324 kamili. Milimita moja ya kosa hapa sikio italisikia kila siku. Sadeli nayo isiwe kwenye 648 kamili. Upande wa uzi mwembamba isogee nyuma milimita 2 hivi, upande wa besi 4 au 5, kwa sababu uzi ukibonyezwa hunyooka na sauti hupanda.

Rangi

Vanishi ya meza ikipakwa kwa brashi huziba sauti. Omba laka nyembamba ya kupuliziwa, jumla isizidi unene wa karatasi mbili za daftari. Kisumu ipuliziwe asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri: hewa ikiwa nzito laka hunasa unyevu na kubaki na weupe kama ukungu. Ikae wiki tatu kabla ya kung'arishwa. Fundi asipokuwa na subira hapo, alama ya kitambaa cha kasha itachapika mgongoni.

Siku ya kuchukua

Funga nyuzi, likae usiku mzima chini ya mvuto, ndipo ulijaribu. Piga kila uzi kwenye kila freti polepole. Mlio wa nyuki kwenye freti moja tu ni freti iliyoinuka. Kwa programu ya kusawazisha sauti kwenye simu, linganisha sauti ya kugusa juu ya freti ya 12 na ile ya kubonyeza hapo hapo. Tofauti ya senti 5 (senti mia hufanya nusu toni) inavumilika. Ikifika 15, sadeli iko mahali pabaya, na asilimia 30 ya mwisho ibaki mfukoni mwako.

Kwenye matatu lisafiri ndani ya kasha, ndani ya gari, wala si kwenye keria wala buti lililoegeshwa juani, maana gundi hulainika kwa joto hilo. Lirudishe baada ya wiki sita, uso ukishatulia, fundi aguse trasi rodi robo mzunguko kwa robo.

Kabla hujaondoka, mwombe achonge sadeli mbili kutoka mfupa ule ule. Masika uso huvimba na nyuzi hupanda, kwa hiyo hufungwa ile fupi. Kiangazi uso hushuka na nyuzi huanza kugonga freti, ikafungwa ile inayozidi kimo kwa nusu milimita. Isiyotumika ikae kwenye bahasha ndani ya kasha, imeandikwa jina la msimu wake.