SOMO: Kuchoma shamba kwa kibali, na moto wa kambi usioleta balaa

Wakuu salama. Kiangazi ndo hiki, huku Mufindi nyasi zimekauka kabisa na watu wameanza kuandaa mashamba. Mwaka juzi niliunguliwa ekari mbili za paini za miaka sita, moto ulitoka kwa jirani ambaye alishamaliza kuchoma, akarudi nyumbani akala akalala. Kumbe kisiki kimoja kimebaki na kaa ndani, siku ya pili upepo ukavuma, basi. Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho.

Hatua ya 1: kibali. Usishike kiberiti kabla hujaenda kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inagusa mambo ya moto na vijiji vingi vina sheria ndogo zake juu ya hapo, zinatofautiana, uliza za kwako zinasemaje kuhusu miezi na faini. Kibali kiwe cha karatasi, kina tarehe, saa na mipaka ya shamba. Ruhusa ya mdomo likitokea la kutokea haikusaidii.

Hatua ya 2: majirani. Waambie wote unaopakana nao, hata yule mnayegombania mpaka. Hao ndo watakaokukimbilia na matawi mambo yakiharibika.

Hatua ya 3: kinga moto, yaani ukanda mtupu wa kuzunguka shamba. Kufyeka peke yake hakutoshi, nyasi zilizolala zinapitisha moto kama utambi, lazima ulime udongo ubaki mtupu. Mimi naacha mita 5, upande wenye miti mita 10.

Hatua ya 4: kuwasha. Huku kwetu upepo unatulia kuanzia saa kumi na moja jioni, ukiona bado unavuma ahirisha, rudi kwa mtendaji akubadilishie tarehe. Uwe na watu watano au zaidi, madumu ya maji yamejaa, bomba la mgongoni, koleo, matawi mabichi. Anzia upande ule upepo unakoelekea ili moto urudi nyuma ukipingana na upepo, unaenda taratibu mnaumudu. Ukianzia unakotokea upepo utakimbia kuliko nyie.

Hatua ya 5: kuzima, na hapa ndo wengi wanakosea. Mwaga maji, koroga majivu na koleo, mwaga tena, halafu sogeza mgongo wa mkono karibu, ukihisi joto bado hujamaliza. Visiki chimbua mpaka kwenye mizizi. Giza likiingia zunguka shamba zima, kaa ambalo mchana hulioni usiku linang'aa jekundu kabisa. Mimi nalala hapohapo na kesho yake mchana napita tena.

MASWALI

Mkuu, sisi tunaenda kupiga kambi na wanafunzi, moto wa kuota nao unahitaji kibali?
Muulize mwenye eneo kwanza. Ndani ya hifadhi fuata masharti yao tu, Kilimanjaro kwa mfano kuni hairuhusiwi kabisa, na mnakumbuka moto wa Oktoba 2020 pale mlimani, ulianzia eneo la Whona ukala uoto siku kadhaa. Kwingine chimba shimo dogo, kwangua nyasi mita 2 pande zote, moto usizidi urefu wa goti. Mawe ya mtoni msiyatumie kuzungushia, yakipata joto yanaweza kupasuka yakawarukia watoto.

Naweza kuchomea na mifuko ya mbolea humohumo?
Hapana ndugu yangu, moshi wa plastiki ni sumu na kibali chako ni cha mabaki ya shamba.

Mtendaji anataka hela ya kibali, nitoe?
Uliza ipo kwenye sheria ndogo? Kama ipo lipa udai risiti. Kama haipo peleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Moto ukishatoka nje ya mipaka ya shamba je?
Piga kelele majirani waje, mpigie mtendaji, zimamoto ni 114. Watoto watoeni kwanza, na msisimame juu ya mteremko moto ukiwa chini yenu, unapanda mbio.