Jinsi ya kumtengenezea ndege mvumaji maji matamu nyumbani

Huku Ohio, Marekani, ndege mvumaji mwenye koo jekundu (kwa Kiingereza ruby-throated hummingbird), ndege mdogo anayenyonya maji matamu ya maua, huanza kuonekana mwishoni mwa Aprili, akirudi kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Ana uzito wa gramu 3 hivi, na mabawa yake hupiga mara 50 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hushinda akitafuta chakula. Maji ya sukari yanamsaidia sana, lakini yakichacha yanamdhuru. Upishi wenyewe ni mwepesi. Kazi iko kwenye usafi.

Hatua ya 1: Pima. Kikombe 1 cha sukari kwa vikombe 4 vya maji. Utamu huo unakaribia ule wa maua anayoyanyonya, kwa hiyo usizidishe yakawa mazito kama shira ya kaimati.

Tumia sukari nyeupe ya kawaida tu. Asali ikichanganywa na maji huchacha upesi na kuota kuvu. Sukari ya kahawia ina madini ya chuma, ambayo si mazuri kwake. Sukari za wagonjwa wa kisukari hazimpi nguvu yoyote. Rangi nyekundu pia usitie, hata kama dukani zinauzwa chupa zenye rangi hiyo. Wekundu wa chombo chenyewe cha kumnyweshea, kile cha kutundika chenye matundu, unatosha kumwita.

Hatua ya 2: Yeyusha. Chemsha maji, zima moto, mimina sukari, koroga mpaka usisikie punje zikikwaruza sufuria. Funika, yaache yapoe kabisa. Yanayobaki weka kwenye friji, yasipite wiki mbili.

Hatua ya 3: Tundika. Jaza chombo nusu tu, ukitundike penye kivuli. Sisimizi wakisumbua, weka kikombe kidogo cha maji safi kwenye ndoano, juu ya chombo; hawavuki.

Hatua ya 4: Badilisha na uoshe. Hapa ndipo wengi wanapolegea. Joto likifika nyuzi 32 za Selsiasi, badilisha kila siku. Kukiwa na joto la kawaida, kila baada ya siku mbili. Kukiwa na ubaridi, siku nne hivi. Usiongezee mapya juu ya ya zamani, yamwage yote. Inua chombo kwenye mwanga: maji mazima yanaangaza, yaliyoharibika yana ukungu au vinyuzi vyeupe vinavyoelea. Chungulia pia matundu anamopitishia ulimi, kwani kuvu jeusi huanzia humo. Sugua kwa maji ya moto na brashi nyembamba. Madoa yakigoma, loweka kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza sana.

Dume mmoja akiwafukuza wenzake, tundika chombo cha pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kukiona.

Vuli ikifika usiogope kwamba chakula chako kitamchelewesha kusafiri. Siku zinapofupika anaondoka mwenyewe. Acha chombo nje, kikiwa safi, wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho. Wapo wanaopita wakitokea Kanada.