Monita ya kompyuta kuwa TV: geuza nyuma kwanza, inchi baadaye

Siku hizi nusu ya watu wanaokuja kununua monita used kwangu hata kompyuta hawana. Mtu ana king'amuzi, ana sabufa, kahamia geto juzi, anataka kioo tu cha kuangalia mpira na taarifa ya habari. Na inawezekana kabisa, maana tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012 wengi wetu matangazo yanakamatwa na king'amuzi, TV imebaki kuonyesha tu, sasa kama ni kuonyesha si hata monita inaonyesha? Tatizo mtu anaingia anauliza "bro hii inchi ngapi", analipa, anasepa, halafu usiku saa tatu simu yangu inaita.

Hatua ya kwanza, igeuze uangalie matundu. Unalotafuta ni la HDMI, linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, lile bapa lenye kona mbili za chini zimebonyea kwa ndani. Kuna jamaa yake anaitwa DisplayPort, wanafanana, ila yeye kona iliyokatwa ni moja, na monita nyingi zilizotoka maofisini zinakuwa na huyo pamoja na VGA basi, HDMI hamna. Usidanganywe kwamba waya wowote wa kuunganisha unafaa, ule waya wa bei rahisi unapeleka picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda TV, ukiugeuza kinyume haufanyi kazi, utakaa na kioo cheusi. Ikiwa na DVI ile nyeupe pana, hapo afadhali, waya wa HDMI kwenda DVI unatosha, ila sauti haipiti.

Ikiwa na VGA tu, ile ya bluu yenye vitundu 15, utahitaji adapta. Hapa ndo watu wanapigwa sana. Adapta ziko mbili, ya kutoka HDMI kwenda VGA na ya kutoka VGA kwenda HDMI, kwa macho ni mapacha na muuzaji mwenyewe saa nyingine hajui. Wewe unataka ya kwanza, upande wa HDMI uwe wa kuchomeka kwenye king'amuzi, na hakikisha ina kitundu cha earphone pembeni, sauti itatokea hapo.

Hatua ya pili, nenda dukani na king'amuzi chako. Sikutanii, kibebe kwenye mfuko na rimoti yake na waya wake. Ving'amuzi vingi vina kinga ya kuzuia watu wasirekodi, inaitwa HDCP, na monita nyingi za zamani hazina, kwa hiyo unaweza kuona menyu vizuri kabisa halafu ukiingia chaneli ya kulipia unapata giza au maandishi ya kukataliwa. Na adapta za VGA nazo zina mchezo huohuo. Kitu kingine ni yale maneno "Out of range" yanayotembea kwenye kioo. Hiyo monita haijafa, imeletewa tu picha ambayo haiijui, mara nyingi 1080i, aina mojawapo ya picha ya HD. Dawa yake ni kuingia setingi za king'amuzi uweke 720p, aina ya HD ya chini kidogo, lakini utaingiaje setingi na kioo hakionyeshi kitu? Chomeka kwenye TV ya jirani, badilisha, rudi nacho kwako. Mimi mwenyewe niliwahi kurudisha monita nzima kwa aliyeniuzia, tumegombana pale mpaka watu wakajaa, kumbe kosa lilikuwa ni hilo tu.

Sauti. Monita nyingi hazina spika, na zile zenye spika zinatoa sauti ya nyuki kwenye kopo, usizihesabu. Chukua waya wa nyekundu na nyeupe kutoka nyuma ya king'amuzi mpaka kwenye sabufa, kwisha habari. Bluetooth nayo ipo, ila kwenye sabufa nyingi sauti inachelewa, utaona mdomo umeshafunga na neno ndo linatoka.

Sasa ndo tuje kwenye kioo chenyewe. Kiwashe, kisha chuchumaa ukiangalie kutokea chini. Vioo vya aina ya TN ukiviangalia kutoka chini vinaingia giza, sura za watu zinakuwa kama negative ya picha, na wewe ndo unapanga kuitundika juu ya kabati si ndiyo? Vya aina ya IPS hata ukilala sakafuni rangi inabaki. Ile ya mraba ya 1280 kwa 1024 achana nayo, ama wachezaji wote wanakuwa warefu kama milingoti ama unakatwa na mistari myeusi juu na chini. Inchi 24 ya kawaida ina upana wa sentimita 53 hivi, kimo 30, kwa geto unapoangalia ukiwa kitandani inatosha na chenji inabaki. Familia ya watu sita sebuleni, hapana, nunua TV.

Kama utaitundika ukutani angalia mgongoni kuna matundu manne ya skrubu, nyingi yamepishana sentimita 10 kila upande, bracket yake ipo.

Ukifika nyumbani weka king'amuzi kwenye 16:9, yaani umbo la picha pana, punguza mwanga wa monita ukiona ni mkali, na usiitundike juu sana, rimoti haina, vitufe viko chini ya fremu na umeme ukikatika ukarudi nyingine haziwaki mpaka uzibonyeze kwa kidole.