Namna ya kumsimamia mtoto anayetumia methilifenidati
Methilifenidati, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, humsaidia mwenye ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na utulivu, kutulia na kufuatilia jambo moja hadi mwisho. Hata hivyo, inaweza kuleta uraibu, na ndiyo maana imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Ifungie kabatini, vihesabu vidonge mara kwa mara, na umpe mtoto dozi kwa mkono wako badala ya kumwachia kopo.

Kabla ya kuanza, mweleze daktari iwapo mtoto ana ugonjwa wa moyo, au iwapo katika ukoo kuna aliyefariki ghafla angali kijana. Apimwe shinikizo la damu, mapigo ya moyo, urefu na uzito, na vipimo hivyo virudiwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu dawa hii hupunguza hamu ya kula na huweza kuchelewesha ukuaji.

Saa ya kumeza ina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa takribani saa 4, ilhali aina inayotoka polepole, kama Concerta, hudumu kwa takribani saa 12 na humezwa asubuhi, la sivyo mtoto atakesha. Akisahau, na jua limeshapinduka, basi asubiri kesho, wala asimeze dozi mbili pamoja. Aina hiyo ya polepole isitafunwe wala isisagwe, kwani dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo.

Matumizi mabaya mara nyingi huanza kwa wema: mwanafunzi anamgawia mwenzake asiye na ADHD ili akeshe akijisomea. Mwenzake hupoteza usingizi na kujiona ameelewa, lakini kidonge hakimfundishi asichokisoma. Akitafuna na miraa, ambayo nayo ina kathinoni, moyo wake husukumwa na vichangamshi viwili kwa wakati mmoja. Akinywa pombe, hahisi amelewa kiasi gani, akaongeza.

Maumivu ya kifua, kuzirai, degedege au kuona visivyokuwapo ni sababu ya kukimbilia hospitali mara moja, pakiti ya dawa mkononi. Aliyetumia kwa muda mrefu asiache ghafla bila daktari, kwa kuwa anaweza kupatwa na sonona, na vidonge vinavyobaki virudishwe kwa mfamasia.